Sinia Lililong'aa Kupita Adabu

Mwaka wa hamsini na saba, mume wangu aliingia nyumbani kwake kwa dirisha kwa muda wa wiki tatu na siku mbili. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa karani wa maabara ya kampuni ya shaba, mwenye tai mbili na kalamu ya wino, na majirani wa mstari wetu wa nyumba pale Kapata walitoka nje kila jioni kumtazama anavyopandisha mguu. Wengine walileta viti kabisa.

Sababu ilikuwa mama yangu.

Mama Mbelu alikuja kutoka Kasai kwa treni, akabadilisha treni Tenke akiwa na kikapu kimoja na kuku mmoja, kwa ajili ya tumbo langu. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, miezi saba imekwisha, nami nilikuwa naogopa. Nalisema wazi maana siku hizi kila mwanamke anajifanya hakuogopa. Hospitali ya kampuni ilikuwa na wauguzi wazuri, sikatai, lakini muuguzi hawezi kukushika mgongo huku anakusimulia wewe mwenyewe ulivyozaliwa. Nilimtaka mama yangu.

Sasa, kwetu Kasai mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaitani majina, na wakitaka kuambiana neno lazima awepo mtu wa kulipitisha. Ni heshima. Huyo ndiye aliyemzaa mke wako, utamkaziaje macho? Kijijini jambo hili halina taabu: mama mkwe akitokea njiani, mkwe anaingia porini mpaka apite. Lakini aliyechora nyumba za kampuni hakuwa na mkwe kutoka Kasai. Vyumba viwili, mlango mmoja, jiko uani, na pori lenyewe ni mwendo wa nusu saa. Mama akikaa sebuleni, mume wangu Henri alibaki na dirisha la chumba cha kulala tu.

Alivumilia. Alikohoa mara tatu toka barabarani ili mama ajue anakuja, akazunguka nyuma, akapanda. Alipasua suruali moja na kuvunja chungu kimoja cha maua. Sitasema kwamba alifurahi. Siku moja nilipokuwa natandika kitanda niliona kalenda yake: siku ya thelathini tangu mama afike, ameipiga msalaba kwa wino, na pembeni ya msalaba amechora mlango mdogo.

Karatasi ya mgeni ilikuwa ya siku thelathini. Zikiisha, mgeni anaondoka, au mlinzi wa cité, mtaa wetu wa kampuni, anamsindikiza. Na kwa hesabu ya wauguzi, mtoto angefika wiki mbili baada ya mama kuondoka. Hiyo ndiyo shida yangu, sikuwa na nyingine. Mwenye uwezo wa kuongeza siku alikuwa mmoja tu: Mbelgiji aliyesimamia cité yetu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Kidole. Alipata jina hilo kwa sababu akiingia nyumbani kwako, kabla ya salamu alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama. Fidélie wa mstari wa tatu alipata bati jipya la paa kwa ajili ya sufuria zake tu, zilivyong'aa. Mwingine alinyimwa ruhusa ya kwenda kuzika huko Lubudi, na watu walisema ni utando wa buibui.

Nilikwenda kumwomba. Aliniambia atapita Jumapili baada ya misa, akae, anywe kahawa, kisha ataamua.

Nilipomweleza Henri, alipiga magoti na kuvuta sanduku chini ya kitanda.

Ndani ya sanduku mlikuwa na zawadi ya harusi yetu kutoka kwa mkubwa wake wa kwanza wa kazi, aliyerudi kwao Ulaya: sinia, birika la kahawa na vijiko sita, vyote vya fedha. Tuseme tuliamini ni vya fedha. Tangu harusi havikuwa vimefunguliwa, na vilikuwa vyeusi kama makalio ya sufuria.

Najua unajiuliza kwa nini mtu anayepandia dirisha asugue vyombo ili mama mkwe abaki. Nami nilijiuliza. Nilivyomjua Henri, alitaka mama yangu aende, lakini alitaka zaidi Bwana Kidole aone sinia lake.

"Hii ni oxyde, ni kutu tu," akasema, akishika kijiko kimoja kwa ncha za vidole. "Mu labo tunaondoshaka oxyde kila siku. Iyi haiko kazi."

Akakaa sakafuni chini ya dirisha na vumbi la tofali, ndimu mbili, na kichupa cha dawa ambacho ndani yake hakukuwa na dawa bali matone ya kitu fulani cha maabara. Akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko kikawa cheupe, akatabasamu. Akaongeza tone. Kikawa cha manjano. Akasugua kwa bidii zaidi, maana Henri akikosea barabara haulizi, anaongeza mwendo. Kikawa chekundu.

Alikiinua kwenye mwanga akakitazama kwa muda mrefu. Miaka sita mume wangu alikuwa ameisaidia kampuni kutoa shaba kwenye mawe. Sasa alikuwa ameitoa kwenye kijiko.

Mama alikuwa jikoni uani, hatua sita kutoka dirishani, mgongo kwetu, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Elise," akaniita. "Uulize ule mwenye kusugua: ni kijiko ao ni muhogo anakwangua?"

Nikatoka na tumbo langu, nikaenda dirishani, nikauliza.

"Umwambie mama kama hii ni kazi ya science," Henri akasema.

Nikarudi jikoni. Mama akapuliza moto kwanza.

"Umwambie science kama feza haikwanguliwake. Mi nilisafisha bikombe bya misa kwa masista miaka kumi na moja. Hata kimoja hakikutoka nyekundu."

Nikaenda. Henri akasema kwamba vyombo vya kanisa vina baraka, havihesabiki. Nikarudi. Mama akasema baraka hazisugui. Nikaenda. Nikarudi. Safari ya sita nilisimama katikati ya ua, mkono kiunoni, miguu imevimba, na nikaona kwamba watu hawa wawili wanasikiana vizuri kabisa, kila neno, na kwamba mjinga pale uani ni mimi.

"Mi nimechoka," nikasema. "Musemeshane na kuku."

Nikaketi kwenye kigoda. Kuku wa mama alikuwa anadonoa pale kati ya jiko na dirisha. Aliletwa kutoka Kasai ili nimle nipate nguvu, lakini kila siku tulikuwa tunamwahirisha. Halafu mama, bila kugeuka, akasafisha koo.

"Kuku," akasema. "Unisikie. Mutu mwenye akili atatwaa beseni ya aluminium."

Kuku akadonoa.

"Kuku," sauti ya Henri ikatoka, ya chini kidogo, "umwambie mama kama ile beseni ni ya kuoshea mutoto."

"Kuku, mutoto hayafika. Beseni iko tupu."

Hapo ndipo kuku yule alipopata kazi, na jina pia: Mkalimani. Tangu saa ile hakuna aliyethubutu kumtaja pamoja na kitunguu.

Mama akachemsha maji. Akachukua majivu ya mabua ya mahindi, akayachuja kwa kitambaa mpaka akapata maji yake yanayoteleza vidoleni, yale yale anayotilia sombe, majani ya muhogo, ili yalainike. Akapanga birika na vijiko vitano ndani ya beseni la mtoto, kila kimoja kikigusa chini, akanyunyiza konzi ya chumvi, akamimina maji ya moto na ya majivu. Harufu ya yai bovu ikapanda, majirani wakatazamana. Mama akarudi jikoni, akageuza mgongo, akakohoa. Henri akashuka dirishani, akachungulia beseni, akakohoa, akapanda dirishani. Mama akatoka, akageuza vijiko kwa mti, akarudi. Walipokezana pale uani kama zamu za mgodini, mmoja akitoka mwingine anaingia, na mimi kwenye kigoda nikiwahesabia kukohoa.

Weusi ulikuwa unaondoka wenyewe. Hakuna aliyesugua. Mara ya tatu Henri alipochungulia, alisahau kukohoa, na mama ilibidi ajifunike kichwa kwa aproni.

"Kuku," Henri akasema alipokuwa amesharudi dirishani, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "umuulize mama sinia tutaifanya namna gani. Haiingie mu beseni."

Mama alipanga kuni upya kabla ya kujibu. Nadhani alikuwa anaufurahia ushindi wake, nami simlaumu.

"Kuku, sinia ni ya kupakaa chaki. Chaki ya masomo, aisage sawa unga, atie maji kidogo. Apitishe na kitambaa laini, kwenda na kurudi, hapana kuzungusha. Ile feza iko juu tu, ni ngozi. Mutu hasuguake ngozi mpaka mufupa."

Henri akaandika yote kwenye daftari lake la kazi. Nililiona baadaye. Juu ameandika kwa herufi nzuri: Procédé Kuku, yaani njia ya Kuku. Chini yake: maji ya vuguvugu, kukausha mara moja, kufunga kwa flaneli, kutoviweka karibu na mayai wala vitunguu. Flaneli yenyewe ilikuwa ile niliyonunua kwa nguo za mtoto. Mtoto wangu hajazaliwa bado, tayari alikuwa amevikopesha vyombo hivyo vitu viwili.

Kijiko chekundu mama alikikuta kesho yake kwenye kizingiti cha dirisha. Alikigeuza geuza, akakiweka mbele ya Mkalimani.

"Mu Katanga hii," akamwambia, "kwangua kitu yote, utakuta shaba."

Henri alipitisha chaki yake kwenda na kurudi jioni tatu mfululizo. Ijumaa sinia lilikuwa linaniumiza macho. Nilijiona ndani yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu mimba ianze, pua imejaa uso mzima, nikatamani tungeliacha jeusi. Lakini Henri aliliinua, akajitazama masharubu upande wa kulia, akajitazama upande wa kushoto, akalifunga flaneli yake kwa upole ambao sijawahi kuuona akinitendea mimi.

Jumapili Bwana Kidole akaja, kofia mkononi, karatasi kwapani. Kidole chake kikapita juu ya kabati. Akakitazama. Safi. Kikapita kwenye meza, kwenye kiti, kwenye fremu ya picha ya Bikira Maria. Safi. Mama alikuwa uani, mlango umerudishiwa nusu. Nikaleta kahawa kwenye sinia, nikashusha vikombe, na kwa kuwa meza ilikuwa ndogo, nikalisimamisha sinia juu ya kabati, likaegemea ukuta, lipendeze. Ni mimi niliyeliweka pale. Henri alitaka kulirudisha ndani ya flaneli, nikamwambia aache, mgeni alione.

Bwana Kidole aliliona. Aliligusa, akaacha alama, na Henri akaifuta alama hiyo kabla kidole hakijarudi mfukoni.

"Bon," akasema Bwana Kidole. Akanywa kikombe cha pili. Akatandaza karatasi yake mezani. "Madame anaomba siku ngapi?"

"Makumi sita, Mesié," nikasema. Nilikuwa nimepanga kusema arobaini, lakini sinia lilinipa moyo.

Akaandika sitini. Niliona akiandika. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mama ashuke kwenye treni.

"Sasa," akasema, "mwenye nyumba na mgeni wake, wote wawili hapa, mbele yangu. Bwana ataweka signature, mama ataweka kidole."

Henri akanitazama. Nikamweleza Bwana Kidole kwamba bwana atie sahihi kwanza, atoke, ndipo mama aingie. Akatikisa kichwa. Mwezi uliopita, akasema, alitia sahihi karatasi ya shangazi ambaye baadaye ilionekana amekufa tangu Pasaka.

"Pamoja," akasema. Akatazama saa yake.

Jasho lilikuwa linamtoka Henri kwenye tai. Halafu akapata njia, na wakati ule niliona ni njia nzuri. Akatia sahihi haraka, akaenda akasimama mbele ya kabati, uso ukutani, mgongo kwa sebule yote, mikono imebana kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikamwita mama. Aliingia na kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, macho chini, akifuata miguu ya Mkalimani ambaye aliingia naye bila kuitwa. Bwana Kidole aliangalia mgongo wa mmoja na kitambaa cha mwingine. Walikuwa pamoja. Kanuni haikusema zaidi.

Mama akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Nikasikia pumzi yake ikitoka. Kazi imekwisha, siku sitini, mbele yake kuna mgongo tu. Basi akainua macho.

Mbele yake, juu ya bega la Henri, kulikuwa na sinia.

Na Henri, maskini, ukutani hakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Sijui walitazamana kwa muda gani. Nilisimama na birika mkononi, nikawaona wote wawili mle ndani, bega kwa bega, wazi kuliko picha ya harusi. Ilitosha kwa mama kuyaona masharubu ya mkwe wake, na ilitosha kwa Henri kuona nilikoitoa pua yangu.

Mama aliingia chini ya meza. Henri alitoka kwa dirisha la sebuleni, ingawa mlango ulikuwa wazi kando yake. Bwana Kidole akapandisha miguu yote miwili juu ya kiti.

"Nyoka?" akauliza.

"Hapana, Mesié," nikasema. "Ni buko."

Nikamweleza buko, yaani ukwe na haya zake, kwa kadiri nilivyoweza, na yeye akinisikiliza miguu ikiwa bado juu. Nilipomaliza, sauti ya mama ikatoka chini ya kitambaa cha meza.

"Kuku, umwambie mutoto wangu kama kesho mi napanda treni. Siwezi kulala mu nyumba ya mutu mwenye tumeonana macho. Mpaka alete mbuzi."

Hiyo pia ni kwetu. Mkwe akimwona mama mkwe, anampa mbuzi wa kuondoa haya, na mbuzi akishapokewa, haya imekwisha, wanaweza kutazamana mpaka wachoke. Bila mbuzi, mmoja lazima aondoke. Nilimweleza Bwana Kidole na hilo.

"Mbuzi hapana," akasema. Akashusha miguu. Sasa alikuwa kwenye ardhi anayoijua. "Règlement, kanuni. Cité hii haifugi mbuzi. Hata katekista nilimkatalia."

Akafunga kalamu yake, akachukua kofia. Karatasi ilibaki mezani, siku sitini, wino wa kidole gumba cha mama haujakauka, na hakuna mtu wa kuzitumia. Nilikaa kwenye kiti nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti. Nililichukia lile sinia. Lingebaki jeusi chini ya kitanda, mama yangu angebaki nami.

Ndipo sauti ikatoka nje, chini ya dirisha.

"Mesié."

Bwana Kidole akageuka, hakuona mtu.

"Mesié, mi naomba karatasi ya mugeni ingine."

Nikaacha kulia. Nilikuwa naikumbuka ile kalenda. Nilijua kabisa alichokuwa anakipata Henri kwa kunyamaza tu: mlango wake, kiti chake, sebule yake, siku nane kabla ya ule msalaba. Hakuna mtu angemlaumu.

"Mugeni gani tena?" akauliza Bwana Kidole.

"Mbuzi."

"Nimesema cité haifugi mbuzi."

"Haitafugwa, Mesié. Itatembea tu. Siku moja. Itaingia asubui kwa mulango, na mangaribi itakuwa imekwisha kutoka."

"Itatoka kwa njia gani?"

Dirisha lilifikiri kidogo.

"Kwa sahani, Mesié."

Bwana Kidole alisimama na kofia yake. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni hana ulinzi mbele ya tundu ndani ya kanuni. Niliona midomo yake ikisoma vifungu kimoja kimoja. Akaketi. Akavuta karatasi nyingine. Jina la mgeni: Mbuzi. Mahali anapotoka: Henri akasema toka nje kwamba kuna mkulima kwenye njia ya Kasaji. Sababu ya safari: hapo kalamu ilisimama, na Bwana Kidole akanitazama mimi, akatazama miguu ya mama iliyochomoza chini ya meza, akaandika: Familia. Siku: moja.

"Mwenye nyumba," akasema.

Mkono wa Henri ukaingia kwa dirisha, ukatia sahihi, ukatoka.

Usiku ule mama alilala kwa Fidélie. Jumanne Henri alimleta mbuzi amefungwa nyuma ya baiskeli. Mlinzi wa lango alisoma ile karatasi mara mbili, akamtazama mbuzi, akaulizia anakaa mstari gani. Kisha akapiga saluti, sijui kwa nani kati yao.

Mama alikuwa amesimama uani, kitambaa mpaka kwenye nyusi. Henri akaja kwa kinyumenyume, akainyoosha kamba nyuma ya mgongo wake. Mama akaipokea. Akamfunga mbuzi kwenye mti wa kuanikia nguo, bila haraka, akajaribu fundo. Halafu akapandisha kitambaa, akasema, "Ugeuke."

Henri akageuka. Mama akamtazama kwa macho yake mwenyewe, kutoka viatu mpaka nywele, akarudi kwenye masharubu, akakaa hapo. Nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili.

"Mu sinia ulikuwa muzuri zaidi," akasema.

Ndilo neno la kwanza alilomwambia mkwe wake bila kupitia mtu wala kuku. Henri alicheka mpaka akakaa chini kwenye mavumbi na suruali yake ya kazi. Majirani waliona hakuna cha kutazama tena, wakarudisha viti vyao ndani. Mkalimani alipoteza kazi siku ile ile, na Jumapili iliyofuata tukamla na vitunguu.

Binti yangu alizaliwa siku kumi na tisa baadaye. Mama alinishika mgongo, akanisimulia nilivyozaliwa mimi, na katikati ya uchungu nilimwomba anyamaze, naye hakunyamaza, na ndivyo nilivyotaka. Tulimwita Mbelu. Aliogeshwa kwenye beseni lake, tulilisugua mara tatu kwanza.

Siku ya sitini tulimsindikiza mama stesheni. Henri alibeba kikapu. Treni ilipopiga honi, akatoa kifurushi chini ya koti, kimefungwa flaneli, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, hii ni ya kwenu," akasema. "Ukituwaza, utaiangalia."

"Nitaona nini mule?"

"Si ulinionaka mule."

Mama alikipokea. Hakusema asante, alikipandisha kwenye behewa kabla yake mwenyewe, na kila mara aliyekaa karibu naye alipofungua mayai, alihama kiti. Hilo tuliliona tungali kwenye jukwaa.

Ilipita miezi mitano. Kijiko chekundu Henri alikuwa anakitembeza kwenye mfuko wa shati, akiwaonyesha vijana wapya wa maabara. Asubuhi moja ikaja barua, kwa mkono wa katekista wa kule kijijini. Henri aliisoma kwa sauti amesimama, mtoto begani.

"Mwambie mkwe wangu," mama alikuwa ameandikisha, "kwamba sinia nalisafisha kila mwezi kwa chaki, kwenda na kurudi, na linang'aa vizuri sana. Lakini kila nikiliangalia naona uso wangu tu. Huo nimeshauzoea. Na huyo mtoto simwoni hata kidogo."

Henri alikunja barua akaitia mfukoni, pamoja na kijiko. Akanikabidhi mtoto, akachukua kofia, akasema anakwenda kwa Bwana Kidole kuomba karatasi ya safari, watu watatu, kabla ofisi haijafungwa. Alikuwa na haraka hivi kwamba alitoka kwa dirisha.